Faragha Nayo ni Kinga: VVU, Vijana na Kisiwa cha Pemba

Msomaji, tuanze na namba moja. Zanzibar, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yako chini ya asilimia 1. Linganisha na Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 11.4. Kwa hiyo ukikaa barazani Wete au Chake Chake ukasema unaandika habari za UKIMWI Pemba, usishangae ukiulizwa: "Sasa huku kwetu kuna nini cha kuandika?"

Swali ni la haki. Tatizo liko kwenye neno wastani. Watu wawili wakikaa mezani, mmoja akala kuku mzima na mwenzake akalala na njaa, wastani utasema kila mmoja kala nusu kuku. Hesabu ni sahihi, ila aliyelala na njaa haionekani njaa yake. Makala hii inamhusu huyo wa pili: kijana wa kiume anayependa wanaume wenzake, asiye na fedha, anayeishi kisiwani ambako kila mtu anamjua kila mtu. Sikusudii kukuambia umpende au usimpende. Nataka tufuatilie historia tuone namna kinga dhidi ya kirusi kimoja ilivyogawanywa, nani akapata na nani akakosa.

Neno kidogo kuhusu majina. Kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, "shoga" ni rafiki wa kike wa mwanamke. Leo neno hilo hutupiwa wanaume kama jiwe. Humu nitasema "wanaume wanaopenda wanaume". Ni refu, lakini halimuumizi mtu.

Ugonjwa uliofika na mabango yake

Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu wa kule waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Zanzibar iliripoti wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1986.

Elimu iliyofuata ilijengwa kwa picha moja: mwanamume na mwanamke. Mabango, nyimbo za skuli na mawaidha vyote vilizungumza habari za mke, mume na nyumba ndogo. Hata utani wa mtaani ulikuwa hivyo hivyo. AIDS ikapewa kirefu chake cha Kiswahili, "Acha Inimalize, Dogodogo Siachi", na dogodogo hao walikuwa wasichana. Hakukuwa na ubaya katika hilo, maana Afrika Mashariki maambukizi mengi yalipita kati ya mwanamume na mwanamke. Lakini kimya nacho hufundisha. Watafiti waliokuja kuzungumza na wanaume wanaopenda wanaume katika pwani ya Kenya walikutana na vijana walioamini kuwa ngono kati ya wanaume haina hatari. Kwani bango gani liliwahi kusema inayo?

Sayansi inasema kinyume kabisa. Utando wa njia ya haja kubwa ni mwembamba, huchubuka kwa urahisi, na una seli nyingi za kinga ambazo ndizo VVU huzitafuta. Makadirio yanayotumiwa sana ni haya: mtu akilala bila kinga yoyote na mwenye VVU asiyetumia dawa, anayepokea kwa njia ya haja kubwa huambukizwa kama mara 138 katika kila mara 10,000. Kwa mwanamke, katika tendo la kawaida, ni kama mara 8. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 17. Kirusi hakijui dhambi wala thawabu. Kinachojua ni unene wa utando.

Kuna jambo la pili, dogo kama kijichupa. Kondomu za mpira huhitaji kilainishi cha maji ili zisipasuke. Mafuta hudhoofisha mpira kwa muda mfupi tu, na hapa nasema mafuta ya nazi, mafuta ya kupaka, yote yanayopatikana katika kila nyumba ya Pemba. Kijana anaweza akawa amefanya kila alichofundishwa, amenunua kondomu, ameivaa, kisha akaiharibu mwenyewe kwa kilichokuwa karibu. Kosa lake ni nini hapo? Hakuna aliyemwambia.

Kuponi za Unguja

Mwaka 2002 Zanzibar iliunda Tume yake ya UKIMWI. Miaka mitano baadaye, 2007, ukafanyika utafiti uliobadilisha picha. Watafiti walitaka kuwafikia wanaume wanaolala na wanaume, nao hawana orodha wala mtaa wao. Unafanyaje?

Mbinu waliyotumia inafanana na mchezo wa kupokezana. Unaanza na watu wachache wanaokuamini. Unawapima, unawahoji, halafu unampa kila mmoja kuponi chache awape wenzake. Wenzake wakija wanapewa kuponi zao nao, na mnyororo unaendelea. Jina la mtu halihitajiki. Walijitokeza wanaume 509, na asilimia 12.3 kati yao walikuwa na VVU.

Isome namba hiyo tena huku ukikumbuka tulikoanzia. Katika visiwa vyenye maambukizi chini ya asilimia 1, kulikuwa na kundi lenye kiwango cha kupita hata cha Njombe. Tena wengi wao walikuwa na wapenzi wa kike pia. Hawakuwa kisiwa peke yao.

Utafiti ukarudiwa 2011–2012. Safari hii matokeo yakawa asilimia 2.6. Ungependa kushangilia, sivyo? Watafiti wenyewe hawakushangilia. Walilinganisha watu waliojitokeza mara zote mbili, wakaona kuna uwezekano mkubwa kuwa mnyororo wa pili uliingia katika mtandao mwingine wa marafiki. Kuponi hufuata urafiki, na urafiki hufuata tabaka: wenye kazi hujuana na wenye kazi, wa vijiweni na wa vijiweni. Namba inaweza kushuka kwa sababu ugonjwa umepungua, au kwa sababu waliougua hawakuitwa.

Na sasa angalia jambo lililo wazi kabisa ambalo ni rahisi kulipita. Tafiti zote mbili zilifanyika Unguja.

Si kwamba Pemba haifahamiki kwa wanasayansi. Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Tafiti za minyoo na kichocho zilizofanyika Pemba husomwa vyuoni duniani kote. Mayai ya minyoo katika kinyesi cha watoto wa skuli wa Pemba yamehesabiwa moja moja, na watoto wengi wamepona kwa sababu hiyo. Kuhesabiwa ni mwanzo wa kutibiwa. Ila wapo ambao kuhesabiwa kwenyewe ni hatari, na hao tafiti zile za kuponi hazikuvuka bahari kuwafuata.

Matokeo yale yale, njia mbili

Mbinu hiyo ya kuponi, miaka hiyo hiyo, ilitumika pia kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya Unguja. Mwaka 2007 asilimia 16 kati yao walikutwa na VVU. Tazama kilichofuata. Mwaka 2015 ilifunguliwa kliniki ya methadoni katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja. Dawa inatolewa na serikali, mchana kweupe. Kutumia heroini ni kosa la jinai hadi leo, lakini jamii ilikubali kusema: huyu ni mgonjwa, ni mtoto wetu, atibiwe.

Kwa wanaume wanaopenda wanaume mambo yalikwenda upande mwingine. Sheria ya adhabu ya enzi ya Waingereza ilikuwa tayari imewafanya wahalifu. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilibadilisha sheria hiyo, na kwa mara ya kwanza uhusiano wa wanawake kwa wanawake nao ukaingizwa, kwa kifungo cha hadi miaka 5. Kwa hiyo mtafiti wa 2007 alipompa kijana kuponi, alikuwa anampa mtu ambaye sheria ilikuwa imekumbushwa habari zake miaka mitatu tu nyuma.

Kisha ikaja miaka ya hofu. Julai 2016 Wizara ya Afya ya Tanzania Bara ilipiga marufuku vilainishi. Februari 2017 ikafunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za VVU kwa makundi yaliyo hatarini zaidi. Unaweza kusema: hayo ni ya Bara, afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake. Ni kweli kabisa. Lakini polisi ni jambo la Muungano. Septemba 2017, hapa hapa Zanzibar, watu 20, wanawake 12 na wanaume 8, walikamatwa hotelini wakiwa kwenye mafunzo ya VVU. Novemba 2018 wanaume 10 wakakamatwa katika hoteli ya ufukweni Pongwe, Unguja.

Jiweke katika nafasi ya kijana aliyesikia habari ile ya kwanza redioni. Kinachobaki kichwani mwake si kifungu cha sheria. Kinabaki hiki: walikwenda kujifunza habari za VVU, wakakamatwa. Siku mwelimishaji rika atakapomwalika kwenye semina, atakwenda?

Pemba hofu hiyo ilikuta nyingine iliyotangulia. Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani kisiwani humo, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa vyombo vya baharini. Familia nyingi zina simulizi zake za siku zile. Mahali penye kumbukumbu kama hiyo, mtu haandiki jina lake kirahisi kwenye daftari la serikali, hata liwe daftari la zahanati.

Nauli, chumba na shangazi

Tufike sasa kwenye hoja yenyewe. Tunapozungumza kuhusu kukosa huduma tunafikiria dawa, daktari, jengo. Pemba majengo yapo: Chake Chake, Wete, Micheweni, na Mkoani hospitali ya Abdalla Mzee iliyojengwa upya kwa msaada wa China. Kinachokosekana zaidi ni kitu kisichonunuliwa na wizara: faragha.

Hebu tumfikirie kijana mmoja wa kubuni, mwenye miaka 21, wa Konde. Ana wasiwasi, anataka kupima. Anaingia kituoni na kumkuta muuguzi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo? Nilimwona juzi harusini. Haya, umekuja kwa lipi?"

Atajibu nini? Atasema ana homa. Atapewa dawa ya homa, atarudi nyumbani. Muuguzi hakumfanyia ubaya wowote. Upendo wake ndio uliomziba mdomo.

Sasa mfikirie mwenzake wa umri huo huo, mtoto wa mfanyabiashara wa karafuu, anayesoma Unguja. Naye anaogopa, lakini ana nauli ya boti kutoka Mkoani. Ana chumba chake chenye kufuli. Ana simu yenye bando, anasoma usiku, anajua tofauti ya kilainishi cha maji na mafuta ya nazi. Anaweza kulipia hospitali ya binafsi ambako hakuna anayemjua mama yake. Sheria inawaharamisha wote wawili sawasawa. Kirusi kinawasubiri wote wawili. Ila mmoja ana uwezo wa kununua giza la kujifichia, na mwingine anaishi kwenye mwanga wa wote.

Hiyo ndiyo maana ya kusema ukosefu wa usawa unaua. Pemba ni masikini kuliko Unguja, na Micheweni imekuwa wilaya masikini kuliko zote Zanzibar katika tafiti za bajeti za kaya. Umasikini huo haupunguzi chakula tu. Unapunguza vyumba: vijana wanne chumba kimoja, dawa utaificha wapi? Unapunguza pia sauti: anayelala na mtu kwa sababu ya elfu kumi hana nguvu ya kusema "bila kondomu sitaki".

Kidonge, sindano na mwaka 2025

Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililoitwa iPrEx, lenye washiriki 2,499 katika nchi sita. Lilionyesha kuwa mtu asiye na VVU akinywa kidonge kila siku anaweza kuzuia maambukizi. Ndani ya kidonge mna tenofovir na emtricitabine, dawa zinazokizuia kirusi kujinakili kinapoingia kwenye seli. Kikifika kinakuta mlango umeshafungwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kinga hiyo kwa wanaume wanaolala na wanaume mwaka 2014, na mwaka uliofuata kwa kila aliye katika hatari kubwa.

Ni ugunduzi mkubwa. Lakini mpelekee kijana wetu wa Konde. Dawa zilizomo kwenye kidonge hicho ni za jamii ile ile ya dawa za kufubaza VVU, na chupa zinafanana. Kaka yake akiiona atasema ana UKIMWI. Akijieleza kuwa hana, ni ya kujikinga tu, swali linalofuata ni baya zaidi: unajikinga na nini? Kumbe hata kidonge kinachofanya kazi vizuri maabara kinahitaji droo yenye ufunguo.

Ndiyo maana habari za 2024 zilisisimua wengi. Sindano ya lenacapavir huchomwa mara mbili tu kwa mwaka, haina chupa wala mlio wa vidonge. Katika jaribio lililohusisha wanaume wanaolala na wanaume, kati ya washiriki 2,179 waliopewa sindano hiyo, walioambukizwa walikuwa wawili. Sindano mbili kwa mwaka ni aina ya faragha. Nilipoisoma nilimwaza mtu wa kisiwani kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini ona jaribio lenyewe lilifanyika wapi: Marekani ya Kaskazini na ya Kusini, Thailand, Afrika Kusini. Afrika Mashariki haikuwamo.

Kisha ikafika Januari 2025. Serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa mapambano ya VVU tangu ilipoanzisha PEPFAR mwaka 2003, ilisimamisha misaada yake ya nje. Februari, baadhi ya huduma ziliporuhusiwa kuendelea, dawa za kinga kwa fedha hizo zilibakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Wanaume waliokuwa wa mwisho kuingia kwenye orodha wakawa wa kwanza kutoka. Mwenye fedha anaweza kununua nje. Asiye nazo anarudi kwenye mafuta ya nazi na bahati.

Mtwapa inatufundisha nini

Usifikiri haya hayana dawa. Februari 2010, Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, umma wenye hasira uliivamia kliniki ya watafiti wa KEMRI baada ya kuenea uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Ni pwani ile ile, dini ile ile, Kiswahili kile kile. Watafiti wangeweza kufunga virago. Badala yake walikaa na viongozi wa dini na wa mtaa wakazungumza. Kisha wakaandaa mafunzo kwa wahudumu wa afya 74 wa pwani, na walipowapima miezi mitatu baadaye, ujuzi ulikuwa umepanda na chuki imeshuka. Hakuna aliyeombwa abadilishe imani. Waliombwa wamtibu aliye mbele yao na wasitoe siri yake. Katika maadili yetu, kumsitiri mtu si jambo geni.

Kwa Pemba, faragha ya masikini ingeweza kujengwa kwa mambo ya kawaida sana. Vipimo vya kujipima nyumbani. Dawa ya kinga inayotolewa kwenye dirisha moja na dawa za presha na kisukari, ili foleni isimtaje mtu. Kifungashio kisicho na maandishi. Muuguzi wa kituo kingine anayekuja mara moja kwa wiki, asiyemjua mama yako. Na juu ya yote, uhakika kwamba anayekwenda kujifunza habari za VVU hatatoka na pingu.

Mwisho nirudi barazani, kwa yule aliyeuliza huku kwetu kuna nini cha kuandika. Jibu langu ni kwamba asilimia ile ndogo tunayojivunia ni kazi ya kweli, ya wauguzi, walimu na wazazi wengi. Lakini ilipatikana kwa kuhesabu walioweza kuhesabiwa. Safari nyingine ukisikia namba ya UKIMWI ikisomwa, iwe ya Pemba au ya kwenu, usiulize tu ni ngapi. Uliza nani alikuwa na nauli ya kufika kwenye hesabu hiyo.